Jezi ya Kipa Fidelis

Jumamosi, 5 Julai 2025
Nyangamara. Arobaini ya mzee Fidelis, kipa wa zamani wa kombaini ya kijiji. Wanagawa nguo zake. Nimelia kuwashinda wanawe! Nimepewa jezi ya kijani, namba moja. Mjane wake, Bibi Genoveva, akaniuliza kama nakubali na jina, maana kwao anayechukua vazi hurithi na jina. Nikasema hata mawili nipeni. Kuna mnunuzi wa jezi za zamani, wa Dar, aliyeniahidi bei ya pikipiki.

Jumapili, 6 Julai
Nimerudi Lindi. Jezi iko ndani ya nailoni. Siivai ng'o! Jasho langu litashusha bei. Jirani yangu Shaaban kaja na jezi yake ya miaka nenda rudi, ina doa la mchuzi kifuani. Anadai jezi isiyochezewa ni tambara tu. Mshamba! Adhuhuri nikafungua nailoni. Jezi imelowa makwapani. Inanuka dawa ya kuchua. Nimeianika, nimekaa mbali nayo.

Jumatatu, 7 Julai
Bibi Genoveva kapiga simu kuuliza goti la kushoto linaendeleaje. Sina ugonjwa wa goti! Alasiri nilikuwa nachechemea.

Jumatano, 9 Julai
Mnunuzi anataka picha nikiwa nimeivaa. Ikabidi. Uwanjani Shaaban akanipiga picha, kisha akaanza kupiga penalti. Mimi ninayeangusha hata kikombe cha chai, nikadaka zote! Mikono ilitangulia, mimi nikafuata. Sijawahi kufurahi hivi tangu nizaliwe. Wazee waliokuwa wakitazama wakainuka. Mmoja aliondoka, akasahau viatu.

Ijumaa, 11 Julai
Mnunuzi kafika. Akaitazama picha, akauliza huyu mzee mwenye mvi ni nani. Nikatazama. Jezi ile ile, uwanja ule ule, sura si yangu. Nilisikia baridi mpaka kwenye meno. Yeye akafurahi: ushahidi kwamba Fidelis mwenyewe aliivaa! Akaongeza dau. Shaaban alinisihi nisiuze, akasema hajawahi kuniona nikicheka vile. Nimeuza.

Jumapili, 13 Julai
Nimejaribu kudaka na shati langu. Mpira umenipiga puani. Raha imekwenda Dar na jezi, goti limebaki. Bibi Genoveva kasema jina haliuzwi, anakuja na wajukuu kumtazama mumewe. Wameshafika. Wamepiga hodi, wakaita Fidelis. Nimeitika kabla sijafikiri.

Si kitu. Nasikia winga wa zamani wa Rutamba yu mahututi. Nimeanza kujizoeza kulia.