Uso Nilioutundika Msumarini

Jumatatu, 14 Januari 1946
Changamwe. Joto la kupikia uji. Nimekata shauri: huu uso utoke!

Nina makovu ya ndui tangu utotoni. Mashavu yangu utadhani mbuzi wamepita juu ya matope. Na Jumapili Mzee Mwarandu wa Kisauni ameniita kwake, mbele ya jamaa zake wote, nijibiwe posa yangu kwa bintiye Kafedha. Nampenda Kafedha mpaka nakosea kuhesabu magunia. Lakini nimesikia Elkana naye anapita njia ile ile. Elkana ni karani mwenzangu kwenye ghala la mbata. Akili hana. Ana mashavu tu, laini kama yai lililomenywa. Sikubali kushindwa na mashavu!

Dawa nimeipata kwa Musyoka, Mkamba aliyerudi kutoka vitani juzi, sasa mchukuzi ghalani kwetu. Asema huko India aliona wanawake wakijipaka mafuta ya ganda la korosho. Ngozi ya zamani inabanduka, wanatoka wapya. Korosho! Sisi tumezaliwa chini ya mikorosho na maganda yake twayakimbia, eti yanababua mikono. Ujinga wa kwetu huo.

Jumanne, 15 Januari
Nimekwenda kwa Margret, dresa wa zahanati, yule anayefunga vidonda. Nikamwambia nina rafiki anayetaka kubandua uso. Akaniuliza kama huyo rafiki ana makovu ya ndui. Nikasema tumefanana kidogo. Akacheka bila adabu.

Kisha akaanza. Eti makovu ya ndui yameingia ndani, ngozi ya juu ikitoka yenyewe yatabaki. Eti rafiki ajaribu kwanza tone moja nyuma ya sikio, angoje wiki mbili. Asithubutu karibu na shughuli yoyote. Akishapaka asitoke juani, maana ngozi yetu ikibabuka huota madoa meusi kuliko mwanzo. Na asiibandue kwa vidole hata ikiwasha vipi.

Wiki mbili! Ngoja ngoja huumiza matumbo. Kafedha ataniangalia nyuma ya sikio?

Nilipofika mlangoni akaniita tena, sauti chini, si sauti ya dresa. Alisema ngozi ikitoka, mwenyewe aizike kwa mkono wake siku hiyo hiyo. Isilale juu ya ardhi. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Adhuhuri nimeponda maganda. Musyoka alisema nusu kijiko. Nimepaka vitatu, maana makovu yangu ni mengi. Mama yangu wee! Nimeuma mto mpaka pamba ikatoka.

Jumatano, 16 Januari
Uso umevimba. Macho yamebaki nyuzi mbili. Nimepeleka habari ghalani kwamba nina homa. Elkana ameniletea salamu za pole. Mnafiki.

Alhamisi, 17 Januari
Uso umekauka, mgumu kama ngozi ya ngoma. Unawasha! Nikabandua kidogo tu, pale kidevuni.

Ikaja yote. Mara moja, bila damu, bila maumivu. Nikajikuta nimeushika uso wangu mkononi. Pua ipo. Kope zipo. Vishimo vya ndui kila kimoja mahali pake. Macho tu ndiyo matundu.

Kioo kinanionyesha kijana laini, hana alama hata moja. Mzuri, haki ya Mungu. Ila simjui.

Kuzika? Nizike ushahidi? Nimeutundika kwenye msumari wa dirishani, Musyoka aje auone. Mchana mzima hapakuwa na upepo, na bado ulikuwa ukijaa na kunywea, ukijaa na kunywea. Nimeupa kisogo.

Ijumaa, 18 Januari
Msumari ni mtupu! Nikasema panya.

Asubuhi Mama Agneta, mwenye nyumba, amepita mlangoni akanishukuru. Alisema leo nimemwamkia shikamoo, nikamtekea na maji, na miaka miwili nakaa kwake sijawahi. Sijatoka chumbani! Nikafungua mlango nimwambie. Akarudi nyuma, akauliza mimi ni nani na nafanya nini chumbani kwa Nguma. Nikasema Nguma ndiye mimi. Akasema Nguma ameshakwenda kazini, nitoke kabla hajaita watu. Nikafunga mlango, nikatia komeo.

Jioni Musyoka amenipigia hodi. Hakunijua mpaka nilipomtajia maganda. Alisema Nguma alikuwa ghalani kutwa, kahesabu magunia yote, hakukosea hata moja. Alipokwisha kusema tukatazamana. Kisha akakumbuka ana safari.

Jumamosi, 19 Januari
Nimekwenda mwenyewe ghalani, saa sita mchana, jua la utosi. Ngozi mpya imeanza kuota madoa. Basi!

Nimechungulia dirishani. Yupo. Kwenye kiti changu, na makovu yangu, anaandika kwa mwandiko wangu. Elkana alikuwa akicheka naye. Elkana hajawahi kucheka na mimi! Nikasikia akimpongeza kwa posa, akimwambia kwamba yeye Elkana ana mchumba wake Rabai tangu mwaka juzi.

Huyo mwenye makovu akainua kichwa. Akaniuliza kwa upole anisaidie nini. Kwa sauti yangu. Nilikimbia mpaka relini. Naogopa. Nimeandika hivyo na sifuti.

Jumapili, 20 Januari
Nimefika Kisauni na koti langu jeupe. Nimechelewa. Yule mwenye makovu alikuwa ameshaketi mkekani.

Kata ya tembo la mnazi ilikuwa mbele ya Mzee Mwarandu. Akamwita Kafedha, akamuuliza mbele ya watu, kama desturi: anywe, posa ikubaliwe, au asinywe? Kafedha akasema anywe.

Nikapiga kelele. Nikasema Nguma ni mimi, huyo ni ngozi tupu! Watu wakasimama. Kafedha akaja karibu, akanitazama sana, mpaka nikadhani amenijua. Akasema makovu ya Nguma aliyahesabu kanisani, Jumapili baada ya Jumapili, mahubiri yalipokuwa marefu, na ndiyo aliyompendea. Akasema mimi hanijui. Kaka, pole, umeungua na nini? Ukae kivulini.

Yule akanisogelea na kunipa nafasi mkekani. Akanipa maji. Mkono ulikuwa wa baridi, na kucha zilikuwa zangu. Nililia mbele yao wote, na machozi yalinichoma.

Jumatatu, 21 Januari
Margret amenipaka dawa. Alipouliza jina nikasema Nguma. Akaandika mgeni. Akasema sikio la kufa halisikii dawa, akaninong'oneza kwamba kilichosimama hakizikwi tena, nilinde kilichobaki.

Kulinda! Nimelala chini kutwa nikifikiri, na sasa naona palipoharibika. Nilitoa ngozi moja tu. Harusi ni baada ya Pasaka, muda upo. Maganda nimeshaponda, yamejaa sufuria nzima niliyoiiba kwa Mama Agneta. Nikibanduka wiki hii, tutakuwa wawili, naye mmoja. Nikibanduka mpaka Pasaka, tutajaza ua mzima wa Mzee Mwarandu. Na katika wote hao, wallahi, Kafedha hatakosa mmoja wa kumpenda.