Kushukia Lima kwa Tiketi ya Trujillo

Jumatatu, 26 Mei
Binti yetu Nélida anaolewa Lima tarehe 14 Juni, saa tano asubuhi. Mimi ndiye wa kumshika mkono hadi madhabahuni. Hapa Iquitos hakuna barabara ya kukutoa mjini. Ni ndege, au siku kadhaa mtoni. Kwa hiyo, tiketi.
Mke wangu Zoraida alinunua yake Februari, pamoja na kaka yake Wenceslao, siku ileile harusi ilipotangazwa. Februari! Watu wenye haraka ndio wanaowanenepesha wenye ndege. Mimi nilisema nitasubiri bei ishuke. Leo nimechungulia. Imepanda mara mbili. Dalili nzuri: haiwezi kupanda milele.
Wenceslao alipita dukani kwangu jioni, nikiwa nimefungua feni ya mteja. Akaniuliza kama nimeshapata tiketi. Nikamjibu kwamba niko kwenye mazungumzo. Akauliza mazungumzo na nani. Mtu wa maswali sana.

Jumatano, 28 Mei
Kinyozi wangu kanifungua macho. Ukitazama bei mara mbili kwa simu ileile, wenye ndege wanakutambua, wanajua una shida, wanapandisha. Hapo ndipo nilipokosea.
Nimetumia simu ya Zoraida. Bei ileile. Nikaenda kwa Padri Abelardo, nikamwambia ni jambo la kifamilia, akanipa yake. Bei ikapanda soli ishirini. Inaelekea mapadri wanajulikana sana.
Mchana nimekwenda kwenye duka la kompyuta nimevaa kofia na miwani ya jua. Mwenye duka akaniuliza kwa sauti ya chini kama natafutwa na polisi.

Jumapili, 1 Juni
Nimegundua! Na nimegundua peke yangu, baada ya misa, bila kinyozi.
Tiketi ya kwenda Trujillo, mji ulio kaskazini mwa Lima, inapitia Lima. Unashuka Lima, unabadilisha ndege, unaendelea. Na tiketi hiyo ya mbali ni rahisi kuliko ya Lima yenyewe kwa soli mia moja na kumi. Basi mtu ananunua ya Trujillo, anashuka Lima, anatoka zake nje. Kiti chake kinaendelea Trujillo kitupu. Hakuna aliyeumia.
Nimenunua, kwenda na kurudi.
Nilipomweleza Zoraida aliacha kumenya ndizi. Akauliza kama inaruhusiwa. Nikasema hakuna sheria inayomkataza mtu kuchoka njiani. Akasema: “Baba Nélida, siku moja tu. Nakuomba siku hiyo moja tu usiwe na akili.”
Nimelichukua kama pongezi.

Jumatatu, 9 Juni
Zoraida na Wenceslao wameondoka leo. Gauni wamekwenda nalo. Shela imebaki, kwa sababu masista hawajamaliza kuishona ukingo. Ni ya bibi yake Zoraida. Maharusi wote wa nyumba ile wameivaa, Zoraida mwenyewe aliivaa aliponikubali mimi.
Kaniachia maagizo matatu. Niichukue kwa masista Alhamisi. Nisiikunje. Isitoke mkononi mwangu.
Wenceslao akaongeza la nne, pale mlangoni pa uwanja wa ndege, bila kuombwa. “Shemeji, usipeleke begi kwenye mizigo. Likishaingia chini ya ndege, hilo ni la Trujillo.” Kana kwamba sijui. Nilimweleza kwamba sitakuwa na mzigo. Nguo zangu nitazivaa.
Alitaka kusema kitu, dada yake akamvuta mkono.

Ijumaa, 13 Juni. Ndani ya basi
Naandika huku natikiswa. Nitaeleza kwa mpangilio, ili nisije nikalaumiwa.
Nilivaa suti, mashati manne, suruali mbili na soksi jozi tatu. Mifukoni kilo mbili za nyama ya nguruwe ya moshi kwa ajili ya wakwe wa Nélida. Joto la Iquitos linajulikana. Kufika uwanjani masikio yalikuwa yananivuma. Askari aliniuliza kama naumwa. Mbwa wake alinipenda. Alinifuata tangu mlangoni hadi kwenye foleni, akakaa miguuni pangu, akakataa kuondoka hata alipoitwa kwa jina.
Mikono haikukunjika tena kwa sababu ya mashati, hivyo shela sikuweza kuibeba. Niliilaza kwenye begi dogo la mkononi, juu kabisa, kwa heshima.
Mlangoni pa ndege binti wa shirika akasema ndani kumejaa, atanichukulia begi bure. Bure! Nilimshukuru mara mbili. Wengine wanalilipia jambo hilo. Nikakaa dirishani, nikafurahia mawingu.
Juu ya milima ndipo nilipoitazama ile stakabadhi iliyobandikwa kwenye tiketi. Trujillo.
Lima nilikimbilia kaunta. Nikamwambia kijana nataka begi langu. Akasema begi liko salama, nitalikuta Trujillo. Nikasema nalitaka hapa. Akauliza kwa nini, ikiwa nakwenda Trujillo. Ukweli sikuweza kuusema, nikasema tumbo linaniuma. “Pole, mzee,” akasema. “Lakini begi na tumbo vinahusiana vipi?” Akataka kuniitia daktari.
Mlango wa kutokea ulikuwa hatua arobaini. Nje Wenceslao alikuwa ananisubiri na gari la kuazima. Ningeweza kutoka. Harusi huweza kufungwa bila shela.
Nikaketi. Nikamwona Zoraida miaka thelathini na moja iliyopita, ile shela kichwani, akicheka hadi inateleza kwa sababu padri alikosea jina langu mara mbili. Hakuirekebisha. Aliniachia mimi niirekebishe.
Nikampigia simu. Nikasema nimechelewa kidogo. Akauliza kidogo kiasi gani. Nikasema mtandao unakatika, nikaukata.
Kisha nikapanda ndege ya Trujillo. Nadhani mimi ndiye mtu wa kwanza kununua tiketi ile kwa ujanja na kuitumia kwa uaminifu.
Begi nimelipata. Shela haina hata mkunjo. Basi la kurudi Lima linafika saa mbili asubuhi. Muda upo tele.

Jumamosi, 14 Juni
Tairi lilipasuka jangwani. Likawekwa la akiba. La akiba nalo likapasuka.
Nilifika kanisani Comas, pembeni mwa Lima, kwa teksi saa sita kasoro dakika tano, nimevaa kila kitu, shela nimeinyoosha kwenye mikono miwili kama mtoto wa ubatizo. Wenceslao alikuwa ngazini. Nilijiandaa kusikia maneno. Akanipangusa vumbi begani. Alikuwa amemwambia padri kwamba nimekwama kwenye foleni ya magari, na padri alikuwa na ubatizo saa sita na nusu. Familia ya bwana harusi ilimwomba Wenceslao amsindikize binti badala yangu. Hilo alinieleza Zoraida baadaye. Wenceslao alikubali, akaenda hadi kwenye gari la bibi harusi, akamfungulia mlango. Nélida akaufunga tena.
Alikuwa amekaa humo karibu saa nzima.
Nilipofungua, alinitazama toka viatu hadi kola nne.
“Baba, umepitia wapi?”
“Trujillo.”
“Kufanya nini?”
“Kuokoa hela.”
Akaanza kucheka. Nilifikiri analia, kumbe anacheka, wanja unashuka. Akainamisha kichwa nimvalishe shela. Zoraida hakunisaidia, alisimama tu pembeni, ameziba mdomo kwa leso.
Tulipokuwa tunaingia, Nélida aliniambia sikioni kwamba nanuka jiko la mama. Nikamwambia ni wakwe zake watakaofaidi. Alinishika mkono kwa nguvu hadi madhabahuni. Sikukumbuka bei ya kitu chochote njia nzima.
Wakwe wamesifu nyama.

Jumanne, 17 Juni
Kaunta ya uwanja wa Lima. Dada mmoja mpole ameniarifu kwamba safari yangu ya kurudi ilianzia Trujillo asubuhi. Sikuonekana Trujillo. Kwa hiyo imefutwa, yote. Nikamweleza kwamba Ijumaa, nilipotakiwa kutoonekana Trujillo, nilionekana. Lazima moja ifidie nyingine. Akasema anaelewa. Hakuelewa.
Nimenunua tiketi mpya, bei ya dakika ya mwisho. Zoraida na Wenceslao walisimama pembeni na zao za Februari, wakitazama ubao wa matangazo kwa makini sana, kama watu wanaosoma habari za vita. Wenceslao alinishikia begi.
Ndani ya ndege tulikaa kila mtu mbali na mwenzake. Baada ya dakika kumi Zoraida alikuja, akamwomba jirani yangu wabadilishane viti. Akalala begani kwangu hadi Iquitos. Hakuna alichosema. Hilo ndilo linalonitia hofu.

Alhamisi, 19 Juni
Nélida na mumewe wanatutaka Lima Krismasi. Wenceslao kashanunua yake na ya Zoraida. Mwezi Juni! Alitaka kuninunulia na yangu. Nilimkatalia kwa adabu. Nilimwambia kosa langu la safari iliyopita lilikuwa moja tu: nilitumia njia inayojulikana.
Sasa sikiliza. Meli kutoka bandarini hapa hadi Leticia, upande wa Kolombia, siku mbili tu kwa kufuata maji. Leticia hadi Bogotá kwa ndege. Bogotá hadi Lima kwa ndege nyingine. Naingia Lima kutoka upande wasioutarajia. Nimepiga hesabu mara tatu: naokoa soli sabini.
Melini kila abiria hulala kwenye machela yake anayoitundika mwenyewe. Nimenunua yangu leo, ya pamba, imara. Soli tisini na tano.
Zoraida aliitazama, akauliza kama hapo sijapata hasara ya soli ishirini na tano.
Ilibidi nimweleze taratibu, kwa sababu mambo haya si ya kila mtu. Nilimwambia machela si nauli.