Jiwe la Kusomea Gazeti

Jumatatu, 3 Machi

Mdomo umeniponza. Jioni nilikuwa ukweni. Bwana Bima naye alikuwepo. Huyu ni wakala wa bima aliyemposa mdogo wake mchumba wangu, yaani siku si nyingi atakuwa mwanyumba wangu, Mungu anisaidie. Akatangaza mbele ya mama mkwe kwamba Jumapili, siku yetu sote wanne ya kuvishana pete, yeye atavisha pete ya almasi. Mama mkwe akanigeukia, birika la chai mkononi. Nikasema almasi yangu nilishaiagiza zamani. Sijaagiza hata kokoto.

Mchumba alinisindikiza hadi getini. Hakugomba. Alisema kazi yake ni kugawa dawa hospitalini, kila siku anaona nyuso za watu wanaodai wamemeza vidonge na hawajameza, na uso wangu ni uleule. Akasema pete ya shaba inamtosha, ila akinikamata na uongo mwingine, basi, kila mtu ashike njia yake. Nikaapa. Nampenda sana mwanamke huyu. Ndiyo maana lazima nipate almasi kabla ya Jumapili, ili ule uongo uwe kweli.

Jumanne, 4 Machi

Niliomba ruhusa kazini, kwenye duka letu la miwani, nikaenda kwa sonara. Mama mmoja mtaratibu. Lenzi za miwani yake zimechunika. Akanieleza kwamba almasi hupimwa kwa mambo manne: mkato, rangi, usafi na uzito. Kwamba karati ni uzito, wala si ukubwa wa kukisia kwa macho. Kwamba angelazimishwa kuchagua moja angechagua mkato, maana ndio unaolifanya jiwe liwake. Nilimwacha aseme. Mtu aliyesaga lenzi tangu hajaota ndevu hafundishwi habari za vitu vinavyopitisha mwanga.

Akatoa jiwe dogo pamoja na cheti chake cha maabara. Nikaomba gazeti. Nikaliweka jiwe kifudifudi juu ya tangazo la kiwanja kinachouzwa. Sikuona herufi hata moja! Giza na vimulimuli tu. Akaliweka kwenye karatasi nyeupe, nikaona umanjano wa mbali. Nikachungulia kwa kioo chake cha kukuzia, kijidoa. Kwetu lenzi ya namna hiyo inarudishwa kiwandani siku hiyohiyo. Nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba jiwe lake ni bovu. Akaniuliza kama nimekuja kununua pete au miwani. Wafanyabiashara wakishikwa huwa wakali.

Jumatano, 5 Machi

Mwenzangu kazini, yule fundi wa fremu, anamjua mtu anayeuza vito kwa bei ya kirafiki. Anaitwa Mzee wa Begi. Bosi aliposikia akasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Bosi hajawahi kuniunga mkono katika jambo lolote.

Mzee wa Begi alinipokea katika chumba kilicho juu ya duka la vitambaa. Kiti kimoja, taa moja kali. Akaniita mwanangu. Jiwe lake ni kubwa kama punje ya mahindi, pana mgongoni, na kingo zake chache hazisumbui macho. Nikaliweka juu ya gazeti. Nikasoma tangazo zima la msiba, hadi majina ya wajukuu! Doa hakuna, umanjano hakuna. Nikauliza cheti kiko wapi. Akajibu mwenye macho haambiwi tazama, vyeti ni vya wasioona. Akaongeza kwamba tangu aanze biashara hajakutana na mteja mwenye jicho kama langu. Hilo nilikuwa nalijua, ila inapendeza kulisikia kwa mtaalamu. Pesa nilizokuwa nikiweka za kitanda zimekwisha. Kitanda tutanunua baadaye.

Alhamisi, 6 Machi

Bwana Bima amekuja dukani kwetu. Amevaa tai, ana jiwe kwenye kijikaratasi. Akasema kaka, wewe ndiye mjuzi wa mambo haya, hebu litazame kabla sijaenda kulipachikisha kwenye pete. Nikalitambua palepale kwa kile kijidoa. Ni lilelile la sonara! Nililolikataa mimi, yeye amelilipia.

Sikumdanganya. Nilimwonyesha doa. Nilimwonyesha umanjano. Nikaweka jiwe juu ya gazeti, akainama, akakiri haoni kitu. Akanywea kabisa. Akaniuliza afanye nini, nikamwambia avumilie, bibi harusi huangalia moyo. Nikampa maji ya kunywa. Nilimhurumia, lakini si sana.

Ijumaa, 7 Machi

Fundi wa fremu amelipachika jiwe langu kwenye pete kwa kucha nne za kulishikilia, nyuma wazi kama nilivyotaka ili mwanga upite. Linapendeza mno. Tatizo ni kwamba ukweni hawajui kupima vito. Wataona jiwe kubwa na jiwe dogo, wataniita mtu wa kujionyesha. Kwa hiyo nitawapimia mbele yao. Nimenunua gazeti jipya na kulipiga pasi.

Jumapili, 9 Machi

Niandike yote kabla sijaanza kuyasahau kwa makusudi.

Sebule ilijaa. Nilitandaza gazeti mezani, nikaweka pete yangu juu ya utabiri wa hali ya hewa, nikausoma kwa sauti. Mvua za hapa na pale. Mama mkwe akasema ajabu. Nikaomba pete ya Bwana Bima. Giza. Yeye mwenyewe akasema kwa unyonge kwamba ametapeliwa, na shemeji yangu yule mdogo akaanza kulengwalengwa na machozi. Nilijisikia mtu mkubwa.

Hapo mama mkwe akavua pete yake, aliyovishwa na marehemu mumewe, akaiweka gazetini. Giza tupu. Nikaeleza kwamba dhahabu ya nyuma inaziba mwanga. Akaigeuza. Nyuma wazi, kama yangu. Akauliza, kwa upole uliotisha, kama nataka kumwambia kwamba marehemu alimvisha takataka. Kisha akamwagiza binti yake azipulizie pumzi pete zote tatu, kama muuzaji alivyowaonyesha yeye na marehemu siku walipoinunua yake.

Mchumba akapuliza. Ya mama yake, ukungu ukatoweka mara moja. Ya Bwana Bima, vivyo hivyo. Yangu ukakaa. Ukaendelea kukaa. Nami ukungu ule naujua, nauona kila siku kwenye miwani ya wateja wanaoingia kutoka kwenye mvua. Ni ukungu wa kioo.

Mchumba akaniuliza mbele ya wote kama nilikuwa najua. Majibu mazuri matatu yalinijia ulimini. Lakini nilimtazama, nikaona kweli yuko tayari kuondoka. Nikasema sikujua. Nikasema Jumatatu sikuwa nimeagiza chochote. Nikasema jiwe la Bwana Bima nililiona kwanza mimi, nikalikataa, na pesa za kitanda zimekwenda. Aliinamisha kichwa, mabega yakitikisika. Nikadhani analia. Kumbe anacheka.

"Mjinga naweza kuishi naye," akasema. "Mwongo ndiye siwezi. Leo umekuwa mjinga tu. Nivishe."

Nikamvisha kioo changu. Nililia mbele za watu, na Bwana Bima akanipa leso yake. Sijawahi kuwa na furaha kama hii. Kuanzia leo ni ukweli mtupu.

Jumanne, 11 Machi

Jana nilipita kumjulia hali mama mkwe. Bado ananitazama kwa jicho la pembeni kwa sababu ya marehemu. Nikajikuta nimeshasema kwamba nimemwagizia mkufu wa lulu. Huo si uongo, ni kutangulia kidogo.

Kwa hiyo leo baada ya kazi nikapita kwa sonara. Lulu zake hazilingani, moja imebonyea, moja ina weupe wake peke yake. Eti nizisugue kwenye meno, za kweli hukwaruza kama mchanga laini. Kitu kinachokwaruza anakisifu! Nikamwambia sisi lenzi yenye mkwaruzo tunaitupa. Akaanza kufuta meza.

Nikaenda kwa Mzee wa Begi kudai haki yangu. Alisikitika nusura alie. Naye alidanganywa, maskini. Na bahati iliyoje, ana mkufu wa lulu. Nikazisugua menoni: laini, laini kabisa. Zote sawasawa, utadhani zimetoka kwenye mashine moja. Nimempa saa yangu ya mkononi na nyongeza kidogo.

Nikiwa njiani mchumba akapiga simu kuuliza nimechelewa wapi. Nikamwambia nilikuwa kwa kinyozi. Akasema vizuri, kesho jioni atakuja kuniona. Asubuhi kabla ya kazi lazima nikanyoe.