Ombi la Kumwondoa Bi Dilys Prosser Kwenye Ukurasa wa Wakazi

Mtaa wa Tannery,
Ormsley, Yorkshire.
Jumatano, baada ya chai ya saa kumi.

Kwa Bi Philippa Garside,
Msimamizi wa Ukurasa wa Mtandaoni wa Wakazi wa Ormsley.

Ndugu Msimamizi,

YAH: KUMWONDOA BI DILYS PROSSER UKURASANI, LEO HII, BILA HAFLA YA KUAGANA

Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe pamoja na goti lako, ambalo habari zake nimezisoma ukurasani. Mimi pia ni mzima, ukiacha hasira. Nimetumia karatasi na kalamu kwa sababu kila ninachoandika ukurasani Bi Dilys hukijibu kabla sijavua miwani.

Unanifahamu vizuri. Mimi ni mtahini wa madereva mstaafu. Nusu ya watu wa mji huu niliwafelisha, na nusu iliyobaki niliwapitisha kwa shingo upande, wewe ukiwa miongoni mwao. Tangu nistaafu nimejitolea kuwapa wakazi wenzangu maoni yangu kuhusu simu, serikali, mvua, mbwa wasiofungwa kamba na bei ya siagi. Hakuna aliyewahi kuniomba, lakini hilo halijanivunja moyo.

Kanuni zako zinasema kwamba mkazi akilalamikiwa rasmi mara tatu, anaondolewa. Bi Dilys, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, nimekwisha kumlalamikia mara mbili. Hii ni ya tatu, na sababu zangu ni hizi.

1. Mashine ya kujilipia. Duka letu la vyakula liliwaondoa akina mama wa kaunta, likaweka mashine inayozungumza. Niliweka mkate wangu pale, mashine ikatangaza mbele za watu kwamba kuna kitu kisichotarajiwa kwenye mfuko, kana kwamba nimeiba. Kisichotarajiwa! Mkate, dukani! Nilirudi nyumbani nikaandika maoni marefu, kwamba taifa lililopanga foleni kwa utulivu hata wakati wa vita sasa linaitwa mwizi na kabati lenye kioo. Watu wakaanza kuniunga mkono, na mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Ndipo Bi Dilys alipoandika: "Norman baba, mashine haijakuita mwizi. Imeshangaa tu kukuona umenunua kitu badala ya kulalamika ukaondoka." Ukurasa ukajaa alama za kicheko. Moja ilikuwa ya kasisi wetu, ambaye kila Jumapili namsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza.

2. Siasa. Nimeipinga kila serikali tangu nianze kupiga kura, zikiwemo zile nilizozipigia kura mwenyewe. Masika yaliyopita niliandika kwamba kila waziri akae mwaka mzima akisubiri basi kwenye kituo kilicho mbele ya bucha ya Ollerenshaw, kwenye mvua, bila mwavuli, ndipo aruhusiwe kufungua mdomo kuhusu usafiri. Nilijiandaa kwa mapambano. Nilichemsha maji, nikavaa sweta nzito, nikakaa mkao wa kula. Bi Dilys akaandika: "Hapo umesema kweli tupu."

Ndugu Msimamizi, huo ni uchokozi. Mtu atabishana vipi na anayekubali? Ilinibidi nigeuze msimamo haraka, na hadi wikiendi nikajikuta naitetea serikali kwa mara ya kwanza maishani, namsifu waziri ambaye hata jina lake sikulijua. Nilipokwenda kununua soseji, Keith Ollerenshaw mwenyewe aliniuliza, "Vipi mpenzi, unaumwa?" Keith anamwita kila mtu mpenzi, hata polisi, lakini siku ile alisema kwa huruma, na iliniuma.

3. Chai. Anatangulia kutia maziwa kikombeni ndipo amimine chai, na kwetu hapa chai ndiyo hutangulia. Amekiri hadharani na akaweka picha. Sina la kuongeza.

4. Kauli zake. Bi Dilys alihamia hapa kutoka Wales akiwa mwali, na adabu zetu amejifunza hadi amezigeuza silaha. Mwezi wa nane niliandika kwamba nchi ikabidhiwe kompyuta zenye akili bandia, kwa sharti kwamba ziwe zimetengenezwa hapa hapa na zizimwe siku ya Jumapili. Lilikuwa jambo zito, nililifikiria wakati napogoa ua wa michongoma. Alijibu: "Wazo la kuvutia sana, Norman." Wewe ni mtu wa hapa, unajua kwamba katika mji huu hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Angeniita punguani ningelala usingizi mzuri.

5. Mapipa ya taka. Hapa ndipo aliponimaliza, kwa hiyo nitaeleza taratibu.

Unakumbuka halmashauri ilipoacha kututumia kalenda ya taka ya karatasi, ikasema ratiba yote sasa iko kwenye programu ya simu. Mimi ndiye niliyeongoza upinzani. Niliandika kwamba mtu huru haiombi simu ruhusa ya kutoa taka zake, na kwamba atakayeipakua programu hiyo leo, kesho ataiuliza simu kama ana njaa. Ni maoni yangu yaliyopendwa kuliko yote. Mtaa mzima wa Tannery uliapa kutoipakua. Aliyeipakua ni mtu mmoja, nawe unamjua.

Sasa, wiki moja lori huchukua pipa la bluu, la karatasi na makopo. Wiki ya pili huchukua pipa jeusi, la taka nyinginezo. Ukitoa lisilo na zamu, lori linakupita na majirani wanaona. Marehemu mke wangu, Maureen, ndiye aliyekuwa akijua ni zamu ya lipi. Sikuwahi kumuuliza alijuaje. Siku nilipobaki peke yangu mbele ya mapipa mawili ndipo nilipogundua kwamba kuna mengi sikumuuliza. Tangu hapo, kila Jumatano jioni husimama nyuma ya pazia hadi Bi Dilys atoe pipa lake, kisha natoka na la rangi ile ile, napiga mluzi kama mtu aliyeamua mwenyewe. Wala siko peke yangu. Jumatano jioni mtaa wote uko nyuma ya mapazia.

Mwezi uliopita niliandika kwamba watu wa nchi hii wameacha kutumia vichwa vyao, kwamba wanafuata tu mkumbo kama kondoo wa milimani kwetu. Jumatano iliyofuata Bi Dilys akatoa pipa la bluu, akaingia ndani. Nikatoa la bluu. Mtaa mzima ukatoa la bluu. Asubuhi lori likaja kuchukua meusi. Wale vijana wa taka wakasimama, wakatazama mstari wote ule, mmoja akaupigia saluti. Wakati huo Bi Dilys alitoka na gauni lake la nyumbani akisukuma pipa jeusi, likamwagwa, akawashukuru. Kisha akapiga picha ya mtaa na kuiweka ukurasani, na maneno haya: "Hawa ndio wanaotumia vichwa vyao. Wa mbele kabisa ni Norman."

Nilikaa na taka zangu hadi zikaanza kunuka. Na kuna jambo baya zaidi. Nilikuwa peke yangu jikoni, nikaitazama ile picha, nikacheka. Nilicheka kwa sauti hadi nikashika meza, jambo ambalo halijatokea katika nyumba hii tangu Maureen aondoke. Haiwezekani mtu afanyiwe hivyo na adui yake, tena bila idhini.

6. Kimya chake. Tangu Jumapili Bi Dilys hajaandika neno. Nimeandika kuhusu mita mpya za kulipia maegesho ya magari, watu wakasema "safi sana." Nimeandika kwamba magari yasiyo na dereva yatahiniwe na mimi binafsi, na gari likifeli lirudi kiwandani kwa miguu. "Umenena, Norman." Hakuna hata aliyeuliza gari litatembeaje kwa miguu. Jana, kwa uchungu, niliandika kwamba Wales si nchi, ni mvua iliyowekewa mipaka. Nilikaa hadi chai ikapoa. Kimya. Kasisi tu ndiye aliyeweka alama ya kicheko, na kasisi hucheka chochote.

Ninachokiona hapa ni dharau ya makusudi. Mtu aliyenipinga miaka yote hii hana haki ya kuacha ghafla, bila taarifa, wiki ambayo nina hoja nzuri. Kusifiwa na watu wote kumenichosha. Naandika, nasifiwa, na nyumba inakuwa kimya kuliko ilivyokuwa kabla sijaandika.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, Bi Dilys aondolewe ukurasani leo. Pili, kabla ya kuondolewa, alazimishwe kujibu hoja zangu za wiki hii, hasa ile ya Wales. Tatu, akishaondolewa, apewe njia nyingine ya kunijibu, kwa kuwa mimi nitaendelea kuandika na itakuwa si haki asiwe na pa kunipinga. Nimeisoma tena hii ya tatu na naona ina kasoro, lakini nimeandika kwa wino.

Nisalimie Bwana Garside na umwambie bado anakata kona kwa mwendo mkali. Nisalimie kasisi, japokuwa hastahili. Nisalimie Keith na wote wa bucha, pamoja na yeyote aliyeipenda hoja yangu ya mita, ila aache kunisifu.

Ni mimi, mwenye hasira lakini mwenye adabu,

Norman Birtwhistle

N.B. Nilikuwa nimekwisha kulamba bahasha, nikasimama dirishani kusubiri pipa. Giza likaanza kuingia. Taa za barabarani zikawaka. Pipa la Bi Dilys halikutoka. Hakuna pipa lililotoka mtaa mzima, na kila dirisha pazia lilikuwa linacheza.

Kwetu hapa mtu habishi hodi kwa jirani bila kumwandikia kwanza. Lakini nilivaa koti nikavuka. Niligonga, nikangoja, nikagonga tena. Nakwambia kweli, niliwahi kusubiri hivyo mlangoni mwa chumba cha hospitali. Mlango ukafunguka. Bi Dilys alikuwa ameegemea mpini wa ufagio, mguu mmoja umefungwa bandeji ya kujifungia mwenyewe. Aliteleza kwenye ngazi za uani Jumapili, na simu ikaanguka naye ikafa.

Nikamwambia, "Siku zote hizi! Na hakuna aliyekuja?"

Akasema, "Nani aje, Norman baba? Wote mko nyuma ya mapazia mnasubiri pipa langu."

Nikamwomba radhi. Wewe unanijua, utaelewa jambo hilo lilivyo kubwa.

Kisha akasema, "Haya, ingia. Nimepitwa na upuuzi gani?" Nikamsimulia yote. La mita akalikataa. La magari akaniuliza hapo hapo, "Litatembeaje kwa miguu, we mzee?" Kwa lile la Wales akanipiga goti kwa mpini wa ufagio, kisha akacheka hadi akalazimika kukaa. Nilitengeneza chai kwa maelekezo yake. Maziwa yalitangulia. Nimeinywa, na sitaki jambo hilo lifike ukurasani.

Kwa hiyo malalamiko yangu yahesabiwe kuwa mawili, na hata hayo mawili uyatafutie mahali pa kuyasahau. Tafadhali usimwondoe. Kesho nampeleka kwa daktari, kisha dukani kununua simu, na ninajua kabisa nitakayoandikiwa akishaiwasha.

Limebaki suala la pipa. Bila simu hata yeye hana ratiba, lakini anadhani ni la bluu. Mimi nina hakika ni jeusi, nimepiga hesabu na ushahidi ninao. Nimetoa la bluu, lake kwanza, kisha langu. Hivi ninavyoandika, mtaa mzima ni bluu.