Fundi Pole na Hodhi la Bibi

Akina mama wenzangu, fundi akiwaomba maji ya kunawa, mpeni kwenye kopo, tena nje. Msimwonyeshe bafu. Someni haya mpaka mwisho, mtajua kwa nini nasema.

Palikuwa na fundi bomba mmoja, watu walimwita Fundi Pole, kwa kuwa alikuwa na pole nyingi kuliko spana. Ukimfungulia mlango, pole. Ukimpa kiti, pole kwa kusimama. Siku hiyo aliitwa ghorofa ya nne kubadilisha raba ya bomba la jikoni. Kazi ya dakika tano akaivuta ikawa saa nzima, kisha akaomba kunawa. Mama wa nyumba, mwenye huruma nyingi na usingizi mchache, akamwelekeza bafuni.

Humo ndimo shetani alimokuwa akimngoja. Pembeni mwa ukuta lilikaa hodhi la kuogea, la chuma, la zamani, lenye miguu minne kama ya simba. Fundi Pole aliligonga kwa kidole: ngoo. Na moyo wake: ngoo. Mwenye hoteli mmoja mjini alikuwa akitafuta hodhi kama hilo kwa udi na uvumba, na alikwishaahidi kulibadilisha na pikipiki. Fundi Pole akajiona yuko barabarani, anawapigia honi mafundi wenzake wanaotembea kwa miguu, maskini.

Akafungua kichujio cha tundu la maji, akachomoa leso yake nyekundu mfukoni, akaisokomeza shimoni mpaka ikapotea. Akarudisha kichujio. Kisha akanawa mikono kwa sabuni, maana alikuwa mtu msafi.

Hodhi lile lilikuwa uhai wa bibi, mama mkwe wa yule mama. Miguu yake ilivimba, na kila alasiri aliiloweka nusu saa katika maji ya moto. Bila hivyo hakuvuka hata kizingiti. Maji yalipogoma kushuka, siku ya kwanza mama aliyachota kwa kopo. Siku ya pili alimwaga magadi na siki, yakatoa povu, yakanyamaza. Siku ya tatu mama hakulala, na bibi hakutembea.

Siku ya nne, hodi mlangoni.

"Poleni sana kwa hodhi kuziba," Fundi Pole alisema kabla hajavua viatu. "Nilikuwa napita tu."

"Mungu amekuleta," mama akajibu.

Bibi alikuwa kitini, miguu juu ya mto. Alimtazama fundi kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele.

Fundi akalala kifudifudi bafuni, akaweka glasi kwenye ubavu wa hodhi, akatega sikio kama daktari. Akatikisa kichwa.

"Mama, hili limekufa."

"Limekufa vipi, na ni chuma?"

"Chuma huoza kwa ndani. Wiki moja, mbili, litatoboa sakafu na kushuka na aliyemo mpaka kwa jirani wa chini. Sitaki kukutisha."

Mama alikwishatishika. Alikwishamwona mama mkwe wake akiwasili kwa jirani bila nguo.

"Tufanyeje, fundi?"

"Nitalitoa mimi, bure. Nitawawekea beseni la plastiki, zuri, jepesi. Bibi huyu ni kama mama yangu mzazi."

"Lichukue, mwanangu," bibi akasema kutoka sebuleni. "Ila halitapita. Toa kwanza kabati, friji na kochi hapo koridoni."

Vitu hivyo vilikuwa vibovu vyote, na vilikaa hapo miaka mitatu kwa kuwa hakuna mchukuzi aliyezikubali ngazi zile. Fundi Pole hakuona ngazi, aliona pikipiki. Akakimbia akaleta wachukuzi wawili wenye vifua kama milango, akawaahidi malipo hodhi likishafika kwa mwenye hoteli.

Kabati lilipoanza kushuka, bibi akamvuta mkwewe mkono.

"Wewe ulimwambia hodhi limeziba?"

"Mimi? Sijamwambia mtu. Niliona haya."

"Sasa ile pole ya mlangoni alitoa ya nini? Lete bisibisi na henga ya waya ya kutundikia nguo."

Mama akafungua kichujio. Akainyoosha henga, akakunja ncha iwe kindoano. Bibi alikaa kwenye kigoda akielekeza: "Usisukume, utakizamisha. Shusha taratibu. Zungusha. Vuta." Kwanza zikaja nywele, fundo zima, zinateleza kama kitu chenye uhai. Mama akakunja uso. Kisha waya ukanasa kitu kizito, akavuta, ikachomoka leso nyekundu yenye doa la grisi. Maji yakashuka yakiguna, guu, guu, guu, kama ng'ombe mwenye kiu. Wakasuuza kwa birika mbili za maji ya moto.

Huko ngazini friji ilimkanyaga Fundi Pole kidole. Kochi likakwama ghorofa ya pili, na wachukuzi wakasema wao ni wawili ila kochi ni la watatu, basi fundi akaingia chini yake kwa kichwa.

Alipopanda tena, jasho limefika kwenye soksi, alikuta korido tupu, mlango wa bafu umefungwa kwa komeo, na wimbo unatoka ndani.

"Nani yumo?"

"Bibi," mama akasema. "Analoweka miguu."

"Analoweka wapi? Hodhi limekufa."

"Limefufuka."

"Atatoka saa ngapi?"

"Kwa umri wangu sina haraka, mwanangu," sauti ikajibu kutoka kwenye maji. "Pole kwa kusubiri."

Nyuma ya fundi wachukuzi walikuwa wamefika. Mmoja aliangalia mlango uliofungwa, akaangalia begi la spana la fundi, akalibeba begani.

"Bosi, hili ndilo jepesi. Tunaanza nalo."

Wakashuka, na safari hiyo kwa mbio. Mama akaingia chumbani, akarudi na leso nyekundu, imefuliwa, imekunjwa mara nne, bado ina joto la pasi.

"Ulisahau hii, fundi."

Aliipokea kwa mikono miwili, akajifuta jasho la usoni, akashuka ngazi akichechemea. Na siku hiyo, kwa mara ya kwanza, aliondoka mlangoni mwa watu bila kumpa mtu pole.