Natafuta Jamii ya Kuiokoa

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeliona tangazo lililoandikwa kwa ajili yangu, ingawa jina langu wamelisahau. Mafunzo ya afya ya ulimwengu, ng'ambo, majuma sita. Nauli, malazi na koti la baridi juu yao. Wanaotakiwa ni wanafunzi wa vyuo vikuu, na wahitimu ambao hawajatimiza miaka miwili tangu kuhitimu. Yangu miwili inatimia Juni. Baada ya hapo nitakuwa mtu tu.

Chuo chetu kimetengewa nafasi moja. Mwombaji aonyeshe mradi wa afya aliouongoza mwenyewe katika jamii, pamoja na picha za kabla na baada. Shahada yangu ni ya uhusiano wa umma. Haidhuru. Afya ni nini, kama si uhusiano mwema kati ya umma na tumbo lake? (Sentensi nzuri. Niihifadhi kwa usaili.)

Binamu yangu, binti wa Shangazi, naye anaomba. Yuko mwaka wa pili, anasomea afya ya mazingira. Nilimwuliza atawasilisha nini. Akasema vyoo alivyovikagua akiwa mazoezini. Nilimhurumia. Nikamweleza kwa upole kwamba ulimwengu umekwisha kuchoka na habari za vyoo. Akanijibu sawa, Mheshimiwa, ila ulimwengu ukibanwa utakuuliza viko wapi.

Jumanne, 4 Machi

Natafuta jamii. Nimeamua kuanza na iliyo karibu: nyumba ya Shangazi. Vyumba vinane, wapangaji wa kila aina, na mimi katika chumba cha mwisho kwa cheo changu cha kuwa mtoto wa kaka yake.

Nilivaa shati jeupe, nikapita mlango kwa mlango nikiwauliza walengwa changamoto zao za kiafya. Fundi cherehani wa chumba cha mbele alisema changamoto yake ni wateja wanaonenepa kabla hawajachukua nguo zao. Mama Pacha alisema changamoto yake ni wasomi wanaogonga mlango watoto wakiwa wamelala, na kwa kuwa sasa wameamka, niingie niwabembeleze. Niliwabembeleza. Mmoja akanitapikia begani. Nikapata matumaini. Yalikuwa maziwa tu.

Shangazi ndiye aliyenivunja moyo kabisa. Alisema tangu aanze kupangisha hajaona mtu wa kuharisha nyumbani kwake, labda awe amekula kwingine. Akanivuta hadi uani, kwenye bomba lililo karibu na vyoo. Hapo pana kipande cha sabuni ndani ya wavu, kimefungwa kwa kamba kwenye bomba ili kisiwe na miguu. Kikiisha, anafunga kingine. Hakuna bango. Hakuna mfadhili. Hakuna hata uzinduzi.

Jamii hii imeendelea bila kunishirikisha.

Jumatano, 5 Machi

Kinga ni bora kuliko tiba. Kila mtoto wa shule anaimba hivyo. Tatizo la kinga ni kwamba haitoki vizuri kwenye picha.

Nimetafakari. Picha ya "baada" ninayo tayari: bomba, wavu, sabuni. Inayokosekana ni ya "kabla". Mchana, wapangaji wakiwa kazini, niliiondoa sabuni pamoja na wavu wake. Huo si wizi. Ni kurejesha hali ya awali. Nikalipiga picha bomba likiwa tupu, likiwa na huzuni. Nilikusudia kuirudisha papo hapo.

Ndipo nilipoona kasoro. Jopo litauliza hali hiyo ilidumu kwa muda gani. Mtafiti mwaminifu hawezi kujibu kwamba ilidumu wakati anabonyeza simu. Kwa hiyo sabuni italala ndani ya sanduku langu hadi Jumamosi, kwa sababu za uadilifu.

Jioni Shangazi alisimama uani na kuiuliza nyumba nzima ni nani huyo ambaye sabuni za dukani hazimtoshi. Fundi akaomba asitazamwe yeye. Yeye huogea ya kunukia. Shangazi akafunga kipande kingine.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekiondoa na hicho.

Shangazi ameapa kwamba hanunui cha tatu mpaka mwizi ajitokeze. Amenisaidia sana bila kujua. Huu ndio ushirikishwaji wa wadau.

Ijumaa, 7 Machi

Mradi umezinduliwa. Unaitwa "Mikono Safi, Kesho Njema". Bango nililiandika mwenyewe, kwa rangi mbili.

Wapangaji walifika uani baada ya kazi. Fundi akauliza kama kuna posho ya kikao. Nikamweleza kwamba faida ya mradi ni afya yenyewe. Akasema kumbe hii si semina, ni mahubiri, na akaanza kuondoka. Wengine wakamfuata. Ikanibidi nitoke mbio hadi dukani, nirudi na sinia la biskuti. Jamii ikarejea.

Niligawa kwa mkono wangu mwenyewe, kwa kila mmoja, kama kiongozi anayewajali watu wake. Nilikuwa nimetoka chooni muda huohuo, maana wasiwasi wa hotuba hunishika tumboni tangu shule. Bomba, kama inavyojulikana, halikuwa na sabuni. Nilisuuza.

Mapacha walinyoosha mikono, nikawanyima. Wako chini ya umri wa walengwa. Mama Pacha akasema wanawe wasipokula, yeye pia hali, na akaniombea nipate wanangu nione. Binamu alikuwa bado chuoni. Shangazi alikula mbili lakini alikataa kupigwa picha akinawa. Alisema amenawa mikono tangu baba yangu hajajua kufuta kamasi, na hasimami mbele ya kamera kama mtu aliyegundua maji leo.

Jumapili, 9 Machi

Maombi yalikwenda jana. Niliandika kwamba kuhara kumetoweka katika jamii lengwa. Ulikuwa ukweli mtupu, hadi jana.

Sabuni zote mbili nilipanga kuzirudisha, ila Shangazi alishinda uani akilivizia bomba ili amkamate mwizi. Ulinzi wa namna hiyo unakwamisha maendeleo.

Leo nyumba imeamka na matumbo ya kuendesha. Alianza Fundi, wakafuata vyumba vya katikati. Nakiri kwamba mwanzoni nilifurahi: jamii yangu hatimaye ilikuwa na changamoto. Kisha changamoto ikanifikia.

Vyoo ni viwili. Nikiwa ndani ya kimoja nilimsikia Fundi akigonga na kuuliza kama msomi amelala humo au anatetea tasnifu. Nilimwomba awe na subira. Akasema subira anayo yeye, tumbo ndilo halina. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Leo tumeinama wote.

Shangazi, naye mgonjwa, anachanganya maji yaliyochemshwa na sukari na chumvi na kuwanywesha wapangaji kwa zamu. Kiti chake amekikita mlangoni pa choo cha kwanza. Anasema ndiyo haki ya mwenye nyumba.

Binamu anapita akimwuliza kila mtu alikula nini, saa ngapi, akanawa wapi. Hata mimi aliniuliza, kupitia mlango. Nilimwambia huu si wakati wa mazoezi ya darasani.

Jumatatu, 10 Machi

Usaili, kwa video. Juu nilivaa koti na tai. Chini taulo, kwa tahadhari.

Jopo lilikuwa la watu watatu: mama mmoja wa miwani, daktari mwenye ndevu, na kijana asiyesema kitu ila anaandika kila kitu. Nilifungua kwa sentensi yangu ya umma na tumbo lake. Tumbo likasikia linatajwa, likaitika. Niliomba radhi kwamba jamii inaniita, nikainuka. Nilisahau kwamba kamera haina adabu ya kuinamisha macho mbele ya mtu wa taulo. Niliporudi, mama wa miwani aliniuliza kwa upole kama jamii imeniruhusu.

Daktari akasema mradi wangu unadai kuwa kuhara kumetoweka. Basi nimfafanulie kwa nini mwombaji mwingine, wa nyumba hiyohiyo, ametuma asubuhi hii taarifa ya wagonjwa tisa. Nikajibu kwamba hayo ndiyo matunda ya uhamasishaji. Zamani watu walikuwa wakiugua bila kujua.

Swali la mwisho lilikuwa jepesi. Ni kosa gani nililolifanya katika mradi, na limenifunza nini? Nikasema kwa unyenyekevu kwamba bado sijapata nafasi ya kukosea. Naamini liliwagusa. Kijana aliacha kuandika, akanitazama.

Jumatano, 12 Machi

Bado sina nguvu. Nilimwomba Binamu anitolee shuka safi sandukuni. Kosa la kiutawala.

Alipogeuka alikuwa ameshika nyavu mbili, moja kila mkono, kama mtu anayelinganisha nyanya sokoni. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, eti Mheshimiwa, zile biskuti uligawa kwa mkono au kwa kijiko? Nikamwambia kwa mkono, kwani kuna kiongozi anayegawa kwa kijiko? Akasema ahsante, hilo ndilo lililokuwa limebaki.

Nilimsihi asimwambie mama yake. Nilimkumbusha kwamba damu ni nzito kuliko maji. Akasema ni nzito kweli, lakini chumba unacholalia ni cha mama. Kisha akalitazama sanduku. Ni sanduku la magurudumu, nililolinunua nilipohitimu, kwa safari za aina hii. Akasema akichaguliwa atahitaji kitu cha kubebea nguo, na mtu mwenye sanduku la kusafiria huwa na midomo mizito. Nilikubali. Kwani atachaguliwa?

Mchana ikawa zamu yake ya usaili. Ukuta wetu ni mwembamba. Sikusikiliza, nilisikia tu. Aliwaeleza kwamba walioumwa ni wale tu waliokula biskuti. Mapacha walionyimwa wazima, mama yao mzima. Chanzo ni mgawaji mmoja, na bomba lililoondolewa sabuni. Wakamwuliza ni nani aliyeiondoa, na kwa nini. Akasema ni mtu mwenye elimu, aliyetaka kusaidia.

Kisha nikawasikia watu watatu wa heshima wakicheka, na sauti ya kijana ikizidi zote.

Maskini Binamu. Si vizuri kumcheka mwombaji.

Jumatatu, 17 Machi

Binamu amechaguliwa.

Shangazi amelia kwa furaha, kisha akaita nyumba nzima ije ilie naye. Fundi anamshonea sketi ya safari na amekataa malipo. Eti daktari wetu halipi. Sanduku limehamia chumba chao. Nimeyasikia magurudumu yakipita ukumbini.

Sabuni imerudi bombani. Binamu alimwambia mama yake kwamba "imeonekana", basi. Shangazi hakuuliza ilionekana wapi. Alinitazama mimi, kwa kirefu, halafu akatangaza kwamba kuanzia leo vyoo vya nyumba hii vitasafishwa na mtu mwenye shahada, ili viendane na hadhi ya binti yake. Nilimwambia, Shangazi, mimi nimesomea uhusiano. Akasema vizuri, nianze kuhusiana navyo kesho asubuhi.

Sijui amejuaje.

Lakini nami nimeandikiwa! Jopo linaomba ruhusa ya kukitumia kisa changu katika somo la kwanza la mafunzo, bila kunitaja jina. Nimekubali kwa sharti moja: jina litajwe. Kwenye wasifu wangu nimekwisha kujiandika "mchangiaji wa mtaala wa kimataifa".

Alhamisi, 20 Machi

Nilikuwa nasugua choo cha pili simu ilipolia. Tangazo jipya. Taasisi nyingine, ng'ambo nyingine, wahitimu wa chini ya miaka miwili. Maombi yanafungwa mwisho wa Aprili. Mimi bado ni halali. Mada ni homa zinazoenezwa na mbu. Picha za kabla na baada.

Nimenawa kwa sabuni, kwa makini, hadi kwenye viwiko, kama mtu aliyepitia mambo. Kisha nimeuzunguka ua mzima kufanya tathmini. Mtaro unapitisha maji. Nyasi zimekatwa. Pembeni ya ukuta Shangazi ana mapipa matatu ya maji ya mvua.

Yamefunikwa vizuri mno.