Stuli Niliyomtengenezea Sikio

Jumamosi, tarehe 1 Machi

Sasa nina hakika. Sikio hasikii.

Naandika hili polepole, maana ni jambo zito. Leo asubuhi nilisimama nyuma yake kinuni, nikamwita mara tatu kwa jina alilopewa na baba yake. Kimya. Nikapiga makofi. Njiwa wote wakaruka darini. Yeye akaendelea kujifuta grisi mikononi.

Na kazi yake ni kusikiliza! Miaka thelathini na mmoja katika kiwanda hiki cha unga, anajifunika kitambaa kichwani kuzuia vumbi, anaweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya beringi ya mashine, anaingiza mpini chini ya kitambaa, anafumba macho. Kisha hukumu. Namba mbili ina kiu ya grisi. Namba nne inakufa, ibadilisheni kabla ya Alhamisi. Hajakosea hata siku moja. Ndiyo maana wakamwita Sikio.

Mimi ni fundi umeme wa hapo hapo. Tuliingia nchi hii pamoja, katika lori moja, tumelala chini ya magunia matupu, miaka arobaini na mmoja iliyopita. Kule kwetu nyumba zetu ziligawana ukuta. Leo ndiye mtu pekee duniani ninayeweza kumwuliza mlango wetu ulikuwa wa rangi gani. Mimi nasema kijani. Yeye anasema buluu. Hatujawahi kukubaliana, na sina mwingine wa kubishana naye.

Tatizo ni Ijumaa. Tuna mhandisi mpya, kijana anayetembea na kishikwambi hata akienda msalani. Ameleta vihisi vya dukani, vidogo kama vifungo vya koti, vinavyobandikwa kwenye mashine na kumwambia kila kitu kwenye kioo. Meneja, mama mwenye haki lakini asiye na subira, ameamua kuwe na shindano. Beringi moja mbovu itafichwa katika mojawapo ya mashine nne. Sikio upande huu, vifungo vya koti upande ule. Sikio akishindwa, anatoka kinuni.

Atashindwa. Kiziwi atasikiliza nini?

Nitamwokoa. Na hatajua. Aibu ya mwenzio unaisitiri, huitangazi.

(Nakiri hapa, maana hakuna asomaye: robo ya sababu ni kuuona uso wa mhandisi.)

Jumapili, tarehe 2 Machi

Kinu kimezimwa, kimya kama msiba. Nilimwambia mlinzi nimekuja kutafuta miwani yangu. Akasema, mzee wangu, si hiyo usoni? Nikamjibu kwamba hii ni ya kutafutia ile nyingine. Akanifungulia.

Kazi safi, nasema mwenyewe. Kwenye kila beringi nimebandika sumaku ndogo ndani ya koili ya waya. Beringi ikitikisika kupita kiasi, sumaku inacheza, umeme kidogo unazaliwa, unapita chini ya mbao za sakafu hadi kwenye stuli ya Sikio. Ndani ya stuli nimefunga mota ya feni niliyoitia chuma upande mmoja ili ipepesuke. Beringi namba moja ikiugua, stuli inatetemeka mara moja. Namba mbili, mara mbili. Hivyo hadi nne.

Swali: atajuaje maana yake bila kuambiwa? Nimelifikiria. Mwili una akili yake. Utajifunza.

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mwili wa Sikio haujajifunza.

Saa tatu asubuhi beringi namba tatu ikakauka grisi. Stuli ikatetemeka mara tatu, barabara, kama nilivyopanga! Sikio akainuka. Akaitazama stuli, akatazama dari, akatazama tumbo lake. Akaenda msalani.

Akarudi, akaketi. Mara tatu. Msalani.

Hadi adhuhuri, safari tano. Wapakiaji wakaanza kumtania, wakamwuliza jana alikula nini hadi mlango wa choo unamjua kwa jina. Yeye, kwa kuwa hasikii, akawapungia mkono kwa heshima. Beringi namba tatu hakuigusa, ikabidi niitie grisi mimi. Mhandisi aliandika kitu kwenye kishikwambi chake. Anaandika kwa kidole kimoja, kama anayemkuna paka.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mke wa Sikio amenifuata karakana. Shemeji ni mtu wa maneno machache, kwa hiyo nilishtuka kumwona ameketi. Akasema, shemeji, mwenzio anaumwa. Mapaja yanamtetemeka akiwa kazini, nyumbani yanatulia. Daktari amempima hadi kope, hakuona kitu, akamwambia apunguze chumvi. Jana ameanza habari za wosia.

Wosia! Hapo ndipo ningesema. Mdomo niliufungua kabisa. Kilichotoka ni kikohozi, na nyuma ya kikohozi ushauri: kwamba mtu wa umri wake asisimame sana, akae. Akae zaidi! Shemeji alinitazama kama anavyomtazama muuza samaki wa juzi.

Nimepunguza nguvu ya mota. Nadhani.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Niliikaza skrubu isiyohusika. Sikuipunguza nguvu, niliiongeza.

Halafu malori. Sikuyafikiria malori! Lori la ngano likirudi nyuma uani, ardhi nzima inatikisika, na sumaku zangu hazijui tofauti ya beringi na lori. Leo yamekuja saba. Stuli ikapiga nne, mbili, moja, nne tena, bila nafasi ya kupumua. Unga wa miaka thelathini ukamtoka Sikio surualini kama moshi. Wapakiaji wakapiga vigelegele wakidhani anacheza ngoma.

Saa nne tulikunywa chai pamoja juu ya magunia, kama kila siku. Akanitazama mdomoni, kama afanyavyo siku hizi, akasema ndugu yangu, kuna jambo nataka kukuambia kuhusu masikio yangu.

Nikamkatiza! Niliogopa. Mtu akishakiri uziwi mbele yako, utajifanyaje tena hujui? Nikamwambia kwa sauti ya furaha kwamba masikio yake ni ya sungura, tena sungura kijana, na Ijumaa atawaonyesha. Akamwaga masalio ya chai chini, akaondoka.

Sijapenda alivyoondoka.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Ningeweza kuiacha siku hii bila kuiandika. Naiandika.

Nilikuwa nimerekebisha kila kitu. Malori yamezuiwa langoni kwa amri ya Meneja. Beringi mbovu iko namba nne. Najua kwa sababu stuli ilishanionyesha. Sikio alihitaji kufanya jambo moja tu. Kuketi.

Meneja akaingia na mhandisi wake. Sikio akasimama.

Bila shaka akasimama! Tumelelewa mtaa mmoja. Mkubwa akiingia, unasimama, na huketi mpaka yeye aketi. Nilipanga sumaku, koili, mota, skrubu. Adabu ya marehemu mama yake sikuipanga.

Nikamwonyesha stuli. Akatikisa kichwa. Nikamshika bega, nikamsukuma kidogo. Akanong'ona, lakini kama wanong'onavyo viziwi, kiwanda kizima kikasikia, kwamba je, nimerukwa na akili, mkubwa amesimama na yeye aketi? Meneja akaona wazee wawili wanasukumana. Akacheka kwa upole. Akasema basi wazee wangu, nitaketi mimi ili nanyi mstarehe.

Akaketi.

Mara nne. Na nguvu ile niliyoiongeza Jumanne sikuwa nimemaliza kuipunguza. Meneja alipiga ukelele ambao nadhani Sikio naye aliusikia. Kiatu chake kimoja hakijaonekana hadi sasa.

Mhandisi akaipindua stuli. Akauvuta waya, mbao moja baada ya nyingine, kama mtu anayemtoa nyoka shimoni, hadi kwenye beringi. Akauliza kazi hii ni ya nani. Wote walinigeukia.

Basi nikaeleza. Na nilieleza kwa fahari, Mungu anisamehe! Sumaku inachezaje, umeme unazaliwaje, kwa nini feni na si kengele. Si kengele, nikasema, kwa sababu kengele haimfai mtu ambaye ni

Nililiona neno likija. Lilikuwa limeshatoka.

Sikio alikuwa ananitazama mdomoni.

Alichukua bisibisi yake, akavua kitambaa kichwani kwa mara ya kwanza mbele ya watu, akaweka ncha kwenye beringi namba nne na mpini akaung'ata. Kwa meno! Akafumba macho. Kisha akasema namba nne ndiyo mliyoificha, gololi yake moja ina ufa. Na namba tatu, hiyo hakuna aliyeificha, inakufa yenyewe. Vifungo vya koti vilikuwa vimeona namba nne tu. Wakaifungua namba tatu. Inakufa.

Masikio yalimwacha miaka sita iliyopita. Kwa miaka sita amekuwa akisikia kwa meno, kupitia mfupa wa taya, na amesikia vizuri kuliko sisi wote. Angeshinda. Angeshinda leo bila stuli, bila sumaku, bila mimi.

Lakini sasa Meneja anajua. Akasema kwa uchungu, na naamini ulikuwa uchungu wa kweli, kwamba sheria ya usalama haina huruma: asiyesikia king'ora cha hatari haruhusiwi kufanya kazi katikati ya mashine. Kuanzia kesho Sikio atakuwa langoni, akiinua kizuizi cha malori.

Akitoka alipita karibu nami. Akasema hilo ndilo alilotaka kuniambia Jumatano. Ukimwacha shemeji, ningekuwa mtu wa kwanza kuambiwa.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu ameshaota ndevu.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Chai peke yangu juu ya magunia. Gunia la mtu mmoja halikai sawa, linainama upande. Sikuwahi kuligundua hilo.

Mhandisi alikuja, akasimama bila kishikwambi chake. Akaniuliza kwa unyenyekevu kama naweza kumwombea kwa mzee wa langoni amfundishe kung'ata bisibisi. Nikamwambia aanze na uma nyumbani. Jibu la kitoto. Baadaye nilimwona kupitia dirisha amekaa kwenye kibanda cha langoni na Sikio, bisibisi mdomoni, macho amefumba, na Sikio anamrekebisha kidevu kwa vidole viwili, taratibu.

Hakumhitaji mtu wa kumwombea.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nimeandaa maneno. Kwa lugha yetu ya nyumbani, ile ambayo sasa tunaizungumza wawili tu hapa. Nimeyasema mbele ya kioo, nikifungua mdomo vizuri ili ayasome. Maneno saba. Nisamehe ndugu, nilikuonea huruma badala ya kukuuliza.

Saa nne nikaenda langoni. Nikafika hatua kumi. Lori likaingia, akashika kamba ya kizuizi kwa mikono miwili, akanipa mgongo. Nikainama kana kwamba kamba ya kiatu imefunguka. Viatu vyangu havina kamba.

Jioni nilikutana na shemeji njiani. Akaniambia, tena kwa upole ambao sikustahili, mwenzio hana kinyongo kama unavyodhani. Anangoja tu uje umwambie kwa mdomo wako, ana kwa ana. Na usilete kitu, shemeji. Nakusihi. Usilete kitu chochote. Njoo wewe tu.

Mwanamke mwenye busara. Nimeyaweka maneno yake moyoni.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Nimejaribu tena jana na leo. Jana malori mawili. Leo matatu na trekta. Kila nikifika karibu, gari linapiga honi, dereva anawasha taa, Sikio anarukia kamba, na maneno yangu saba yanarudi tumboni.

Nimekaa nikalitafakari kwa makini, kama mtu aliyekwisha fundishwa na dunia. Na nimeliona. Kinachotutenganisha mimi na ndugu yangu si stuli. Si neno lile. Ni kizuizi!

Nimechora karatasi mbili. Bamba la chuma chini ya ardhi, hatua nane kabla ya lango. Lori likilikanyaga, uzito unabana swichi, swichi inaamsha mota, mota inavuta kamba, kizuizi kinapanda chenyewe. Lori likipita, kinashuka. Mtu akikanyaga, hakuna kitu, kwa hiyo nitaweza kufika hadi mlango wa kibanda bila kusumbuliwa. Mota nimeshaipata, ya mashine ya zamani ya kushonea magunia. Ina nguvu kidogo kuliko inavyohitajika, lakini skrubu ipo.

Nitaifunga Jumapili, lango likiwa tupu. Sikio simwambii. Shemeji amesema nisilete kitu, na siendi na kitu: kitakuwa kimeshakuwa ardhini.

Kwa vipimo vyangu, kuanzia Jumatatu hatakuwa na kazi hata moja ya kufanya pale langoni, tangu asubuhi hadi jioni. Nina hamu ya kuuona uso wake atakapogundua!